Mashairi Mawili ya Mzee Fulgenzio

Nimechoka, na heri niseme mapema ili msije mkaniuliza mbona nanuna. Miaka kumi na tisa nimemtumikia ami yangu, Padri Lattanzio Scevoli, kanoni, yaani mmoja wa mapadri wa baraza la kanisa letu la Roccalvana. Nimempikia, nimemfulia, na macho yake yalipokufa nikawa namsomea na kumwandikia. Watu wanadhani mwanahistoria hukaa kitini akawaza. Njooni mniulize mimi niliyekuwa nabeba makasha ya karatasi zake.

Ami alikuwa anaandika habari za washairi wote wa nchi yetu, tangu wa kale mpaka wa jana, kwa mpangilio wa alfabeti. Alianza akiwa na miaka arobaini, nywele zote nyeusi. Alikata vikaratasi kutoka migongoni mwa barua za zamani, na kila mshairi akapata chake: kazaliwa wapi, katunga nini, kafa lini, nani asemaye hivyo na nani amwitaye mwongo. Vikaratasi vikajaa makasha ya mbegu, vikajaa pipa la unga, vikaja mpaka chini ya kitanda changu. Panya wakala washairi wengi wa herufi L, na Ami akaandika barua upya kwa maparoko wa vijiji vyote kuwauliza walewale waliokwisha kuulizwa. Maparoko wengine walikuwa wamekufa. Wengine walijibu kwa hasira kwamba kijiji chao hakijawahi kuwa na mshairi, kina watu wa heshima tu.

Alfajiri alikwenda kuimba sala kanisani na makanoni wenzake, akarudi akala ugali wake wa mahindi na majani ya kabichi, kisha akaketi mpaka jioni. Hivyo ndivyo maisha yake yalivyopita. Kama mnangojea vita na mapenzi, hapa hamna.

Alikuwa na sharti moja. Aliye hai haingii kitabuni. Sharti hilo lilimpata ujanani. Alikuwa amechapisha kijitabu cha washairi wa mji wetu, wafu na wazima pamoja, na bwana mmoja mkubwa akaja nyumbani na uzi mkononi. Akapima mistari aliyosifiwa yeye, akapima ya shemeji yake, akakuta ya shemeji imezidi kwa upana wa vidole vitatu. Familia zile mbili hazikusalimiana kanisani miaka sita, na zote mbili hazikumsalimia Ami. Tangu hapo akasema asiyezikwa hayumo, na akaacha walio hai wamchukie wote sawasawa.

Sasa nije kwa Mzee Fulgenzio Abbondi, maana shida yote ilikuwa hapo.

Mzee Fulgenzio alikuwa mwandishi wa hati za mji, zile za wosia na mahari na mashamba yanayouzwa, na alikuwa rafiki wa Ami tangu wote wawili wakiiba tini za masista. Alimzidi Ami miaka kumi na mmoja. Lakini hati zilikuwa za mchana tu. Moyo wake ulikuwa kwenye mashairi. Roccalvana hakuolewa msichana, hakuingia mtu utawani, hakurudi kijana na shahada yake kutoka chuoni, bila mistari kumi na minne ya Mzee Fulgenzio kuchapwa kwenye karatasi mojamoja na kurushwa kutoka dirishani kwa watu walio barabarani. Watu waliyaokota, wakayasifu, wakaenda nayo nyumbani kufunikia mitungi ya asali. Miaka sitini hivyo. Yeye mwenyewe aliweka nakala moja ya kila shairi katika sanduku la mwaloni, akaandika namba nyuma. Yalifika mia saba na kumi na mawili.

Na alitaka kuingia kitabuni. Hakuwa na tamaa nyingine yoyote, maskini. Watoto wake wa kiume walikwenda mbali na mmoja akafa, mke alikwisha kutangulia, amebaki na mkwe, Zenobia, mwanamke mkali. Alijua kwamba siku akifukiwa, mitungi ya asali ndiyo itakayomkumbuka.

Jina lake linaanza na A. Hapo ndipo balaa. Mwaka ule wa hamsini na tatu, baada ya kungoja kwingi, mchapishaji wa kule Pesaro, Bwana Tramontani, alianza kuchapa juzuu ya kwanza, ambayo ni ya A peke yake. Agosti akawa amepanga kurasa za mwanzo. Mzee Fulgenzio alikuwa na miaka themanini na nne, anakohoa damu kidogo, na bado hajafa.

Ami alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Alimwandikia Tramontani aache nafasi kati ya mshairi mmoja na mwingine, ukurasa ule usichapwe kwanza, asubiri habari. Hakusema habari gani. Mimi ndiye niliyeandika barua ile, na nilijua, na mji mzima ukajua kabla jua halijazama.

Basi ikawa kila siku baada ya Misa Mzee Fulgenzio anapita kwetu, anaketi jikoni, anakohoa. Anamwambia Ami kwamba leo mguu umevimba zaidi. Kwamba ameota marehemu mkewe anamwandalia kitanda. Ami anampa supu ya dengu na kumwambia uso wake una rangi nzuri, na mzee anakasirika kama ametukanwa. Wawili wale walinichosha kuliko kazi. Mwezi wa tisa mzee akazidiwa kweli, padri akampaka mafuta ya mwisho, kengele ikagongwa, Ami akalia, nikatafuta wino. Siku ya tatu mzee akaomba jibini. Mwezi wa kumi hivyohivyo, mafuta tena, na siku ya pili akainuka kitandani kwenda kugombana na Zenobia juu ya kuni. Watu sokoni walinitania kwamba mafuta matakatifu ya parokia yatakwisha kwa mtu mmoja.

Mimi sikucheka sana. Niliona jinsi anavyotuomba radhi kwa macho kila akipona.

Baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, ikaja barua ya Tramontani. Herufi zake za madini ya risasi zimefungwa kwenye fremu tangu Agosti, hana herufi za kutosha kuchapa kalenda za mwaka mpya, na kalenda ndizo zinazolisha watoto wake. Anamheshimu sana Mheshimiwa Kanoni. Atangoja mpaka sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe kumi na moja. Siku hiyo kama nafasi ile haijajazwa ataifunga, achape, atawanye herufi kwa kazi nyingine, na haitafunguka tena.

Nilimsomea Ami mara mbili. Siku zilikuwa zimebaki sita.

Nilimsihi. Sikuwa na desturi ya kumsihi, mimi ni mtu wa kununa, lakini nilimsihi siku zile zote sita, huku namvua viatu, huku nampa uji. Nilimwambia kwamba mzee atakuwa amekufa kabla wino haujakauka, nani atakayehesabu siku? Nikamwambia sharti lilitungwa na mtu, na mtu aweza kulitungua. Hakulegea. Siku ya mwisho nikashindwa kujizuia.

“Ami, una moyo gani?” nikamwambia. “Zaidi ya miaka sitini mtu ni rafiki yako. Jina moja tu!”

“Sharti ni sharti, Orsola.”

“Sharti la kumpendeza nani? Wale wa uzi wote wamekufa.”

Alipapasa mezani, akachukua kitabu chake cha sala, akakifungua palepale pasipo kutafuta, akatoa kikaratasi. Nilidhani navijua vikaratasi vyake vyote. Hicho sikuwahi kukiona. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa zamani, alipokuwa bado na macho. Kiliandikwa hivi: Abbondi, Fulgenzio, wa Roccalvana, mwandishi wa hati. Alitunga mashairi mengi ya harusi na ya watawa. Mawili ni mazuri.

Basi. Hapakuwa na kingine.

“Siwezi kuongeza,” alisema Ami. “Nikimwongezea yeye, kila nilichoandika juu ya wengine ni uongo. Na akiwa hai atakisoma. Unataka akisome?”

Nilikaa. Nilikuwa nimemwita mtu katili, kumbe alikuwa anamfichia rafiki yake maneno yale miaka yote. Haki ya Mungu nilitamani Mzee Fulgenzio afe siku ileile, kwa heri yake, kikaratasi akisome malaika, si yeye.

Hakufa. Mtakatifu Martino akaja, watu wakaonja divai mpya, na kule Pesaro ukurasa ukafungwa. Ilikuwa juu yangu kwenda kumwambia mzee. Nyumba yake iko juu kabisa ya mji, ngazi mia na ushei, na nilizipanda kama mtu anayepeleka msiba. Zenobia akanipitisha chumbani. Nikamwambia mzee kwamba juzuu ya A imefungwa na yeye hayumo.

Alitazama dari. Hakulia. Akaniuliza kama mvua imenyesha kule bondeni. Nikasema ndiyo. Kisha akasema anajua kikaratasi chake kipo, Lattanzio hawezi kukosa kuandika kikaratasi cha mtu, hata mbwa wa mjini wana vikaratasi. Kama hakuingia kitabuni, basi angalau asomewe kilichopaswa kuingia. Hilo tu.

Nikashuka ngazi, nikamwambia Ami. Nilitegemea akatae.

“Mpelekee,” alisema. “Umri wetu huu tunafichana nini? Nimechoka kukibeba.”

Nikapanda tena. Njiani nikaamua kutenda dhambi. Nilifungua kikaratasi mbele ya mzee, nikakohoa, nikaanza kusoma yasiyokuwepo: kwamba Fulgenzio Abbondi alikuwa fahari ya Roccalvana, kwamba mashairi yake yalikuwa matamu na yenye adabu, kwamba maharusi waliyaweka sandukuni pamoja na shela zao, kwamba wageni walisimama barabarani kuyasikiliza. Nilijishangaa. Maneno yalikuja tu, miaka kumi na tisa ya kunakili sifa za wafu haikupotea bure.

Mzee alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliyafumbua.

“Binti, mimi nimeshika karatasi za watu miaka sitini,” alisema. “Hicho ni kama kiganja chako. Wewe umesoma ukurasa. Sasa nisomee kilichoandikwa.”

Nikamsomea. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na mwishoni sikuthubutu kuinua uso.

Nikasikia Zenobia chini anapasua kuni. Nilikuwa natafuta neno la kumfariji na sikulipata, maana la kuvunda halina ubani. Kisha nikaona mkono wake unatoka chini ya blanketi na kunishika kiwiko, kwa nguvu ambazo sikudhani anazo.

“Mawili?” alisema. “Lattanzio kasema mazuri? Mawili yapi?”

Nikageuza kikaratasi. Nyuma palikuwa na nusu ya barua ya mtu juu ya ng'ombe.

“Hakuandika, mzee.”

“Nenda ukamuulize. Nenda, binti, nenda!”

Nikashuka kwa mara ya tatu siku ile, magoti yanalia. Ami alikuwa ameketi palepale. Nilipomwambia, aliinama akashika kichwa. Kikaratasi kile alikiandika zamani, labda miaka ishirini na mitano, baada ya kuyasoma mashairi yote yaliyokuwepo wakati ule kwa wiki moja. Mawili yalimsimamisha, hilo alilikumbuka. Yalikuwa yapi, ya harusi gani, ya nani, hakukumbuka hata neno.

“Sikumbuki, Orsola,” alisema. “Wafu wote hawa nimewakumbuka, na yeye sikumbuki.”

Kisha akaomba joho lake na mkono wangu. Mtu aliyekuwa haoni ngazi hata moja, mwenye miaka sabini na mitatu, nikampandisha ngazi mia na ushei katika upepo ule. Sijui wala sitaki kujua tulivyofika. Aliketi kando ya kitanda cha rafiki yake, akasema sanduku lifunguliwe, Orsola asome kuanzia namba moja. Akiyasikia atayajua.

Ndivyo majira ya baridi yalivyopita. Kila alasiri baada ya sala, isipokuwa Jumapili na siku za barafu, nilimkokota Ami mpaka juu, Zenobia akatuwekea makaa chumbani, nikasoma mashairi sita au saba. Hakuweza kuyasikia zaidi ya hapo. Ukiyasikia mengi kwa pamoja yanakuwa kelele, alisema. Mimi nilisema kwamba hata moja ni kelele, lakini nilisema moyoni. Yote yalikuwa na njiwa. Yote yalikuwa na mungu mdogo mwenye upinde, na msichana aliyekuwa ama waridi ama nyota, na kama anaingia utawani basi waridi lililochumwa mapema. Maharusi nilikuwa nawajua. Nyota mmoja alikuwa na kovu la sufuria na aliuza matumbo sokoni.

Lakini mngemwona mzee. Kila nikianza aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Alikuwa hasikilizi tena kama mtunzi. Alisikiliza kama mtu aliyepotelewa na kitu na anayesikia mlango ukigongwa. Nikimaliza, anamtazama Ami.

“Hili?”

“Silo, Fulgenzio. Lakini haliko mbali.”

Na mzee anaegemea, hana huzuni, anaanza kutusimulia harusi ile: nani alilewa, nani alikataa kushuka farasini, mahari ilikuwaje maana hati aliiandika yeye. Kisha anasema haya, linalofuata. Alipaswa kufa mwezi wa kumi na moja kwa maneno ya mganga. Krismasi alikula nyama ya nguruwe. Mwaka mpya alitaka tusome nane. Mafuta ya mwisho hakuyaomba tena, na watu sokoni wakakosa la kunitania.

Mimi niliyekuwa nasoma ndiye niliyekuwa nakufa. Koo limekauka, miguu imevimba, na nyumbani vikaratasi vya B vinangoja. Tramontani aliandika mara tatu kuuliza juzuu ya pili. Ami hakumjibu.

Mzee Fulgenzio alifariki wiki ya pili ya Kwaresima, mchana, tukiwa kwenye namba mia tano na sita. Nilikuwa nimefika mstari wa tisa. Aliinua kichwa kama kawaida, akakirudisha kwenye mto, na hakukiinua tena. Ami hakutambua, akadhani nimemaliza, akasema “silo, lakini haliko mbali,” na ikabidi nimwambie.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu alasiri nikaenda kwa Zenobia, nikalichukua lile sanduku, nikalishusha ngazi zote peke yangu. Kwa hasira, sikatai. Yalibaki mia mbili na sita. Nilijiambia kwamba sasa amezikwa, sharti halimzuii tena. Tukiyapata yale mawili Ami ataweza kumtia katika nyongeza mwishoni mwa juzuu ya pili, na mashairi yake kamili chini ya jina. Niliketi mbele ya Ami, nikatoa namba mia tano na saba.

“Acha,” alisema.

“Ami, tutayapata. Yamo humu.”

“Tulikwisha kuyapita, Orsola. La kwanza siku ya tatu tu. Lingine wiki ile ya Krismasi.”

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa, na damu ikanipanda kichwani. Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini alimwacha mzee afe hajui, na kwa nini alinipandisha ngazi zile mimi punda wake baridi nzima.

Alingoja nimalize. Macho yake yale meupe yalikuwa yanatoa machozi, lakini yalikuwa yanatoa machozi siku zote, huwezi kujua.

“Ningesema hili hapa,” alisema, “kisha na hili hapa. Basi yaliyobaki angejua yote ni bure. Nilivyonyamaza, kila moja alilisikia likiwa ndilo.”

Niliuliza tu namba zake, na alizijua zote mbili: kumi na tisa, na mia mbili na arobaini. Nikapekua nikayatoa. Moja lilikuwa la harusi ya binti wa mfua chuma, lingine la sista mmoja aliyekufa zamani. Aliniomba nimsomee. Nikamsomea polepole, moja kisha lingine, na yeye akatikisa kichwa na kusema, ah, unasikia?

Yalikuwa na njiwa. Yalikuwa na waridi. Niliyatazama tena kimyakimya, mstari kwa mstari, nikitafuta kile alichokisikia, na mimi sikuona yana tofauti gani na yale mengine mia saba na kumi. Nikamwambia ndiyo, Ami, nasikia.